Jike la mbwa wa zizini: kumhasi sasa, kungoja au kumwacha?



Swali la wiki hii limeletwa na mfugaji mmoja wa kaskazini mwa Pemba, ambaye ameniruhusu nilieleze hapa bila ya kulitaja jina lake wala kijiji chake. Ana zizi la ng'ombe mbali kidogo na nyumba. Baada ya kuibiwa mara mbili alinunua kutoka bara mbwa jike wa kabila la German Shepherd, ambaye sasa ana miezi tisa. Muuzaji alipobanwa kwa simu alikiri kwamba mama wa mbwa huyu alianza kuchechemea miguu ya nyuma kabla ya kutimiza miaka minne, na hivi sasa haamki asubuhi ila kwa taabu. Daktari wa mifugo aliyepita zizini akamwambia: mhasi haraka, kabla hajapata joto la kwanza. Sheikh anayemsomesha akamwambia: kumhasi mnyama asiyeliwa ni haramu, na kitabu kipo. Majirani nao wanachelea kwamba jike akiingia joto, madume wa mitaa yote watajazana kwenye njia wanayopita watoto wa chuo. Anauliza: "Ustadhi, kati ya daktari na sheikh nimfuate nani?"

Wapo watakaotangulia kuuliza Muislamu ana haja gani na mbwa. Jibu lake ni fupi. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inamuonya mwenye kufuga mbwa bila ya sababu kwamba thawabu zake hupungua kila siku, na hadithi hiyo hiyo imewatoa katika onyo hilo mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Aya ya 4 ya Suratul Maida inazungumzia wanyama wa kuwindia waliofunzwa. Hapa Pemba wakulima wamekuwa wakifuga mbwa kwa ajili ya tumbili na nguruwe mwitu tangu zamani za wazee wetu. Mbwa wa ndugu yetu ni wa mifugo, na anayetaka kubishana naye juu ya hilo akabishane kwanza na wezi. Ama najisi ya mate yake, hilo ni jambo jengine, nami nitalifikia kwa sababu linahusika na matibabu.

Sasa tuje kwenye kitabu. Sheikh hakubuni. Imam Nawawi, ambaye sisi Mashafii wa mwambao huu tunamtegemea sana, ameeleza katika sherehe yake ya Sahih Muslim kwamba kumhasi mnyama asiyeliwa ni haramu, na kwamba anayeliwa hujuzu kuhasiwa akiwa mdogo na haijuzu akishakuwa mkubwa. Wanazuoni walioshika msimamo huu huitazama aya ya 119 ya Suratun Nisaa, inayotaja kubadilishwa kwa maumbile ya Allah (s.w.t.) kuwa ni katika amri za shetani. Katika Muwatta ya Imam Malik imepokewa kuwa Ibn Umar (r.a.) alichukia kuhasi kwa sababu kunapunguza ukamilifu wa umbile. Msingi huu ni mzito, na mtu asiuruke kwa sababu tu amechoshwa na kelele za mbwa usiku.

Lakini kitabu ni zaidi ya ukurasa mmoja. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alichinja kondoo wawili waliohasiwa, na kama tendo lenyewe lingekuwa ovu kwa kila hali, wanazuoni wengi wasingeijengea hoja hadithi hiyo. Katika vitabu vya madhehebu ya Hanafi imeandikwa kuwa hakuna ubaya kuhasi wanyama panapokuwa na manufaa. Miongoni mwa wanazuoni wa zama zetu, Sheikh Muhammad bin Salih al-Uthaymin, aliyefariki mwaka 2001, aliulizwa kuhusu paka waliozidi hadi kuleta udhia, akajibu kwamba kuwafunga kizazi hakuna ubaya ikiwa upasuaji hauwadhuru, kwani ni bora kuliko kuwaua baada ya kuwa wameshaumbwa. Kwa hivyo khitilafu iko kwenye sababu: mnyama anahasiwa kwa haja ya kweli au kwa raha ya mwenye kumfuga?

Nilipokuwa nikifuatilia jambo hili nilishangazwa na kitu kimoja. Huko Norway, nchi isiyoongozwa na fiqhi yetu hata kidogo, sheria ya ustawi wa wanyama hairuhusu mbwa ahasiwe kwa mazoea tu. Lazima pawe na sababu. Sweden nayo ilikuwa na katazo la namna hiyo hadi mwaka 1988. Basi wale vijana wanaomcheka sheikh kwamba amepitwa na wakati wapunguze kicheko.

Ama daktari naye ana hoja, na hoja yake ina historia. Kumhasi jike ni kumpasua tumbo na kumtoa vifuko vya mayai, mara nyingi pamoja na mfuko wa uzazi. Mwaka 1969 ulichapishwa utafiti wa Marekani ulioonesha kwamba jike aliyehasiwa kabla ya joto la kwanza karibu hapati kabisa saratani ya chuchu, na kwamba kinga hiyo hupungua kila joto linapopita. Kanuni ya "kabla ya joto la kwanza" ilitokea hapo, ikasomeshwa vyuoni kwa miaka mingi. Mwaka 2012 wataalamu wa Uingereza waliupitia upya ushahidi wote wakasema kuwa ni dhaifu kuliko ulivyodhaniwa, ingawa hawakusema kuwa ni uongo. Pili, jike asiyehasiwa hukabiliwa na ugonjwa wa usaha ndani ya kizazi. Nchini Sweden, ambako majike wengi huachwa na vizazi vyao, karibu mmoja katika kila wanne huupata kabla ya kutimiza miaka kumi. Asiyetibiwa haraka hufa. Hiyo ni haja ya kweli.

Tatizo ni kwamba ushauri ule ni wa mbwa kwa jumla, na huyu si mbwa wa jumla. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, kampasi ya Davis, walichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za matibabu za German Shepherd 1,170, hadi umri wa miaka minane. Miongoni mwa majike wasiohasiwa, asilimia 5 walipata ugonjwa wa viungo. Miongoni mwa waliohasiwa kabla ya mwaka mmoja, walikuwa asilimia 16. Kuvuja mkojo hakukuonekana kwa wasiohasiwa, na kulionekana kwa asilimia 7 ya waliohasiwa mapema. Saratani ya chuchu ilikuwa asilimia 4 kwa wasiohasiwa, na chini ya asilimia 1 kwa waliohasiwa mapema. Mwenye kuzisoma tarakimu hizi ataona kuwa katika kabila hili kinachookolewa kwa kuhasi mapema ni kidogo kuliko kinachopotezwa.

Sababu yake ni hii. Mifupa mirefu ya miguu hukua kupitia sahani laini zilizo karibu na ncha zake, na homoni za uzazi ndizo zinazoziamrisha sahani hizo zifunge. Ukiviondoa vifuko vya mayai mtoto akiwa na miezi tisa, amri inachelewa, mifupa inaendelea kurefuka kuliko ilivyokusudiwa, na viungo havikai sawa. Katika utafiti ule madhara yalionekana zaidi kwenye goti, kwa kukatika mshipa unaolishikilia. Na hapa ndipo hali ya mbwa wa ndugu yetu inapokuwa nzito. Kuchechemea kwa mama yake kunatia shaka ya kasoro ya nyonga, ambayo imeenea sana katika kabila hili: kikombe cha nyonga huwa kifupi, kichwa cha mfupa wa paja hakitulii ndani yake, na kwa miaka kadhaa kiungo husagika. Mbwa mwenye nyonga za wasiwasi anayategemea magoti yake. Ukimharibia na magoti, hana pa kusimamia.

Kwa hivyo rai yangu, na nimemwambia hivyo mwenyewe, ni kwamba asihasiwe sasa. Angoje mpaka atimize miaka miwili. Kufikia hapo mifupa imeshafunga, na picha ya eksirei ya nyonga ikipigwa katika umri huo hutoa hukumu ya kuaminika. Akipata njia ya kupigiwa picha hiyo, hata kwa safari ya Unguja au Dar es Salaam, itamsaidia kuliko maneno ya watu kumi.

Kungoja kuna gharama yake. Katika muda huo atapata joto mara mbili au tatu, kila moja kwa kiasi cha wiki tatu, na siku za hatari zaidi ni zile za wiki ya pili, damu inapopungua na kuwa nyepesi, ambapo wengi hudhani kwamba mambo yamekwisha wakamfungulia. Asifungwe kamba kwenye mwembe, kwani kamba haizuii dume. Anahitaji banda lenye ukuta na paa na mlango wa kitasa, na ndugu yetu ana siku za kulijenga kabla ya joto la kwanza. Banda hilo ndilo jibu kwa majirani na kwa watoto wa chuo, na ni haki yao kulidai. Wala asishawishike na sindano ya kuzuia joto, achilia mbali ile ya uzazi wa mpango ya kina mama ambayo wapo wanaodhani yafaa kwa mbwa. Dawa za namna hiyo zenyewe huongeza usaha wa kizazi na uvimbe wa chuchu. Na katika mwezi mmoja au miwili baada ya kila joto amwangalie sana: akianza kunywa maji mengi kupita kawaida, akakataa chakula, akalegea au akatokwa na uchafu nyuma, hiyo si siku ya kungoja, ni siku ya kumwita daktari hata kama hajatimiza miaka miwili. Haja ikishakuwa dharura, hukumu yake ni nyengine.

Tumbo nalo lisiachwe. Labradori 48 walifuatiliwa Marekani kwa miaka 14. Nusu yao walipewa chakula pungufu kwa robo. Waliopunguziwa waliishi karibu miaka miwili zaidi kwa wastani, na ugonjwa wa nyonga uliwachelewa. Mbwa wa ulinzi hapa kwetu hulishwa makombo ya ubwabwa na vichwa vya dagaa mpaka anatanuka, na mwenyewe anajisifu. Kwa huyu, mbavu zipapasike kwa mkono, na baada ya kuhasiwa chakula kipunguzwe, maana jike aliyehasiwa hunenepa upesi.

Sasa nifikie jambo ambalo ndugu yetu hakuliuliza, nami naliona zito kuliko yote aliyoyauliza. Habari za mbwa huyu zimeshatembea, na watu wanne wameshaweka ahadi ya kununua watoto wake. Kwa bei wanayoitaja, mzao mmoja tu utarejesha gharama yote na kubakisha. Kama ndiyo nia iliyofichika nyuma ya neno "haramu kuhasi", basi tuiseme wazi.

Kabila la German Shepherd liliasisiwa Ujerumani mwaka 1899 na Max von Stephanitz, na mbwa wa kwanza kuandikwa kwenye daftari lake aliitwa Horand von Grafrath. Nasaba ya kabila zima inamrudia yeye. Walizalishwa ndugu kwa ndugu ili sura na tabia zibaki, na pamoja na sura nzuri zikabaki na kasoro. Mbwa wetu wa mitaani, tunaomdharau, amechanganya damu, na kasoro ya upande mmoja mara nyingi hufunikwa na uzima wa upande wa pili. Kasoro ya nyonga hairithiwi kwa jeni moja, ni nyingi zinazokusanyika. Kwa hivyo jike anaweza kutembea vizuri mwenyewe na bado akawapa watoto. Aliyezaliwa na mama kiwete, na ambaye nyonga zake hazijapigwa picha, asizalishwe. Na anayeuza mtoto wake bila ya kumweleza mnunuzi habari ya bibi yake mzaa mama, ajue kwamba amefanya lile lile alilofanyiwa na muuzaji wa bara. Sote tunaijua hadithi ya mfanyabiashara aliyeificha nafaka iliyorowa chini ya ile kavu, na namna Mtume (s.a.w.) alivyomjibu.

Kwa hiyo, akishatimiza miaka miwili, njia zimebaki mbili. Ya kwanza ni kumwacha na kizazi chake na kumfungia kila joto kwa maisha yake yote, na kubeba hatari ya usaha. Anayeshikamana na kauli ya Imam Nawawi na akaliweza hilo, sina la kumlaumu. Ya pili ni kumhasi. Kwa zizi lililo mbali na nyumba, linalolindwa usiku na kijana wa kuajiriwa ambaye hubadilika kila baada ya miezi michache, mimi naona mlango utasahauliwa siku moja, na watoto sita au wanane watazaliwa wakiwa na nyonga za bibi yao. Wasiopata wa kuwachukua wataishia kutupwa ufukweni, kama tunavyowaona. Hapo naiona haja, na kauli ya wanaoruhusu kwa manufaa inatosha kuifuata. Lakini mimi ni katibu wa kamati ya msikiti, si mufti. Sheikh wake ana haki ya kuelezwa sababu hizi zote kabla ya kuamua, na Ofisi ya Mufti iko wazi kwa maswali kama haya. Wallaahu a'lam.

Akiamua kumhasi, upasuaji ufanywe kiasi cha miezi miwili au mitatu baada ya joto, wakati mishipa ya damu ya kizazi imeshasinyaa. Kuna mambo mawili ya kurithi ya kumkumbusha daktari. La kwanza ni ugonjwa wa von Willebrand, ambapo damu haigandi sawasawa. Umeenea zaidi kwa Doberman, lakini na kabila hili limo. Kabla ya kisu, daktari anaweza kuchanja kidogo ndani ya mdomo na kutazama saa. Kwa mbwa mzima damu husimama ndani ya dakika chache. Ikiendelea kuchuruzika, upasuaji usifanywe hapa. La pili ni kasoro ya jeni iitwayo MDR1, ambayo German Shepherd takriban mmoja katika kumi anayo. Mwenye nayo ubongo wake haujikingi na baadhi ya dawa. Dawa za kutuliza kama asepromazini na butofanoli hupunguzwa kipimo kwake. Na ile sindano ya ivamektini ya ng'ombe, ambayo wafugaji wetu humdunga mbwa kwa kukisia kwa macho, inaweza kumpofua, kumfanya ayumbe, au kumuua. Hiyo isubiri kipimo cha daktari, hata leo, kabla ya habari ya kuhasi kufika.

Yupo aliyemwambia ndugu yetu kuwa mbwa akihasiwa hapati kichaa. Si kweli. Kinachozuia kichaa cha mbwa ni chanjo, na kisiwa chetu ni shahidi. Watafiti waliofuatilia ugonjwa huu Pemba tangu 2010 hadi 2020, na kuchapisha matokeo mwaka 2023, walikuta minyororo mitano ya maambukizi ikizunguka hapa, na yote ilikatika kufikia Mei 2014 kwa chanjo ya mbwa ya kila mwaka. Chanjo ikalegea, mwishoni mwa 2016 ugonjwa ukaingia tena, mara mbili. Ukaondoshwa Oktoba 2018 baada ya chanjo ya kisiwa kizima kurejeshwa. Mbwa aliyeletwa kutoka bara bila ya cheti cha chanjo ni mlango wa aina ile ile. Ndugu yetu cheti hakukipata, basi achanjwe wiki hii, wala asingoje joto wala miaka miwili.

Limebaki suala la uuguzi. Jike aliyepasuliwa huangaliwa siku kumi hadi kumi na nne mpaka nyuzi zitolewe, na hatari kubwa ni kulamba kidonda. Ndoo ya plastiki iliyokatwa kitako na kuvalishwa shingoni inatosha kumzuia. Atakayemhudumia atagusa mate na damu, na hapa ndipo watu wengi wa madhehebu yetu humwachia mgonjwa ajifie, wakidhani ndiyo twahara. Mkavu kwa mkavu hakunajisi. Palipo unyevu, mkono huoshwa mara saba na moja kati yake kwa mchanga, na glavu za mpira humpunguzia mtu kazi. Kijana wa zizi awe na nguo moja ya kazi hiyo, aiache bandani, na debe la mchanga safi liwekwe karibu na mfereji ili adhana ikimkuta huko asichelewe kujisafisha.